Jibu: Mbwa anayelialia usiku baada ya kuhama nyumba

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Umeeleza kwamba mbwa wako wa miaka miwili, tangu mlipohama Bububu kwenda Mbweni, hulialia uani kila mnapozima taa, na kwamba kumkaripia hakujasaidia.

Kwanza hakikisha haumwi. Mpapase mwili mzima, mtazame ndani ya masikio, kisha mtenganishe vidole vya miguu kimoja kimoja, kwani kupe hupenda kujificha humo na mbwa hulamba pahala hapo bila kukoma. Ikiwa hali chakula vizuri, anachechemea au anakojoa kwa taabu, mpeleke kwa daktari wa mifugo kabla ya kujaribu jambo jingine.

Akiwa mzima, mimi naona anaogopa upweke mahali ambapo hajapazoea. Wangu alitulia nilipomhamishia tandiko lake karibu na mlango wa jikoni, ambako alizisikia sauti zetu, nikawa namtembeza jioni jua likishapunguza makali na kumtoa ajisaidie kabla ya kulala. Kumkaripia kuache kabisa, na fimbo usiiguse, kwa sababu humwongezea woga.

Akilia kwa kutaka kutazamwa tu, ngoja anyamaze japo kidogo ndipo umwendee. Ukitoka akiwa analia, unamfundisha kwamba kilio ndicho kinachokuita. Mwanzoni huenda kilio kikazidi, nawe usikate tamaa. Lakini ukimwona anahema, anadondosha mate na kukwaruza mlango, hiyo ni hofu ya kweli: usimwache alie mpaka achoke, bali mzoeshe kubaki peke yake kwa dakika chache, ukiziongeza polepole.