Muulize Mzee Kedi: Mulligan ni Nani, na Shimo la 19 Liko Wapi?

*Salamu, Mzee Kedi. Mume wangu ameanza gofu pale uwanja wa Kitante, Kampala. Jumamosi kanipigia simu: "Leo nimekula mayai mawili ya kukaanga, Mulligan kaniokoa asubuhi, sasa tuko shimo la 19." Nimeulizia, nikaambiwa uwanja ule una mashimo 18. Huyo Mulligan ni mwanamke gani, na hilo shimo wamelichimba lini?* – Mama Swabra, Bugolobi

Mama Swabra, weka silaha chini. Mulligan ni mwanamume. Hadithi inayosimuliwa zaidi ni ya Mkanada, David Mulligan, ambaye miaka ya 1920 alipiga mpira wake wa kwanza ukaenda ovyo, akaweka mwingine, akapiga kana kwamba hakuna kilichotokea. Wenzake wakaipa tabia hiyo jina lake. Basi mumeo alipiga vibaya asubuhi, marafiki wakamhurumia. Sheria za gofu hazimtambui Mulligan hata kidogo, ingawa kwenye mashindano ya hisani anauzwa: unatoa hela, unarudia pigo.

Yai la kukaanga ni mpira ulioshuka kutoka juu ukajichimbia mchangani, nusu nje, mchanga umeuzunguka kama ute. Kula mawili siku moja si shibe, ni msiba. Mimi kedi, mbeba mifuko ya wachezaji, nimebeba ya wakubwa na ya wauza vipuri, na wote husimama juu ya yai lile wakinitazama mimi, utadhani ndiye niliyelikaanga. Afadhali Jinja, kwenye viboko: sheria ya klabu ilisema mpira ukiingia katika unyayo wa kiboko, unautoa bila adhabu. Mchangani hakuna huruma hiyo.

Shimo la 19 ni baa. Hapo ndipo pa kukutia wasiwasi. Mashimo 18 huchukua kama saa nne. Mumeo akianza saa moja asubuhi, saa sita mchana amemaliza, hata akiwa mzito kiasi gani. Saa zilizobaki mpaka akugongee mlango, zote ni za shimo hilo.

Ukitaka kumtega, mwulize kama leo amekutana na mtu wa theluji. Akinyong'onyea, jua amepiga mapigo 8 kwenye shimo moja. Tarakimu yenyewe ni duara juu ya duara, kama yule mtu wa theluji wa watoto wa Ulaya. Sisi theluji yetu iko Rwenzori tu, lakini nane Kitante zimejaa.

*Mzee, nikipita na abiria kando ya uwanja nasikia watu wanapiga kelele "Foo!" Wanamwita nani?* – Wa bodaboda, Kamwokya

Wanakuita wewe. Mpira umewatoroka na haujulikani utatua wapi. Usiinue uso kuutafuta. Inama, ufunike kichwa. Na ile helmeti unayoitundika kwenye usukani, hiyo ndiyo siku yake.

*Mzee Kedi, kazini tuna mashindano kila mwaka. Jamaa mmoja wa idara ya hesabu hendikapu yake haishuki 28, na kila mwaka anabeba friji ya zawadi. Wenzangu wanamwita "mfuko wa mchanga". Tumfanyeje?* – Mnyonge, Ntinda

Hendikapu ni mapigo unayopunguziwa ili mchovu aweze kushindana na fundi. Tangu 2020 mfumo wa dunia unaruhusu hadi 54, kwa hiyo 28 peke yake si kosa. Kosa ni fundi kujivika uchovu siku za kawaida, halafu siku ya friji anapona: huyo ndiye mfuko wa mchanga.

Daini kadi zake za mapigo za mwaka mzima, zile zilizosainiwa na aliocheza nao, si zile alizojiandikia jikoni. Halafu mpangieni kedi mzee asiyemjua. Sisi hatuhitaji kadi. Mtu wa 28 wa kweli, mpira ukiruka vizuri, hushangaa yeye kwanza kabla yetu. Huyo wenu, hushangaa?