Kabla hujatoboa dari kuhamisha ritani

Wadogo zangu mnaoingia kwenye kazi ya viyoyozi, wengi wenu mmezoea AC za ukutani, na ndizo zitakazowalisha. Lakini siku moja utaitwa Masaki, Oysterbay au Mbezi Beach kwenye nyumba yenye AC ya dakti, yaani ile inayopitisha hewa kwenye mabomba makubwa juu ya dari, mwenye nyumba anakarabati, na atakuonyesha grili kubwa ya koridoni akuambie: hii ihamishe. Kazi hiyo inaonekana ya kuisha kwa muda wa saa tatu tu. Naomba unisome kabla hujachukua msumeno.

Grili hiyo ni ritani, mdomo ambao feni inavutia hewa ya nyumba kuirudisha kwenye mashine. Hewa inapita kwenye filta, inapita kwenye koili ya baridi, kisha inasukumwa vyumbani kupitia saplai, yaani midomo ya kutolea baridi. Mteja anaipenda saplai kwa sababu inampuliza. Ritani anaiona tundu la vumbi na kelele tu, na fundi mgeni naye akili yake yote iko kwenye baridi inayotoka. Feni haina hewa ya kusukuma isipokuwa ile iliyovuta. Ukiibana inapovuta, umeibana nyumba nzima.

Nililijifunza hili Mbezi Beach, kwa mama mmoja mwenye mjukuu mchanga. Mashine ya BTU 36,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) ilikuwa juu ya dari, ritani nje ya mlango wa chumba cha mtoto, inavuma mchana na usiku. "Mwanangu, inamwamsha mtoto. Nipelekee sebuleni." Nikakubali papo hapo. Dakti ya zamani ilikuwa ya inchi 16, fupi, imenyooka. Kufika sebuleni ilibidi nipite kati ya kenchi, na inchi 16 ikagoma kupita. Nikaweka fleksibo, yaani dakti laini inayokunjika, ya inchi 14, urefu kama mita sita, kona tatu. Nikakaza grili, nikawasha, baridi ikatoka, nikalipwa.

Wiki ya pili mama akapiga simu: maji yanadondoka sebuleni. Nilipopanda nikakuta bomba nene la gesi limevaa barafu nyeupe, na koili imeganda yote kama friza isiyoyeyushwa mwaka mzima. Nikashuka kufuata mtungi wa gesi. Fundi mkubwa niliyekuwa chini yake akanisimamisha ngazini.

"Dogo, rudisha mtungi. Unaongeza gesi ya nini?"

"Bosi, imeganda."

"Imeganda kwa kukosa hewa. Zima kompresa, acha feni iyeyushe, halafu uchomoe dakti yako uisikilize."

Barafu ilipoisha nikaichomoa dakti kwenye boksi la mashine. Feni iliyokuwa inakoroma ikatulia hapohapo, ikaanza kuvuta kwa sauti pana. Nimesimama pale juu ya boriti, jasho linaniingia machoni, ndipo nikaelewa kitabu cha ufundi kilikuwa kinasema nini. Hewa ikipita kidogo kwenye koili, koili inapoa kupita kiasi hadi chini ya nyuzi 0, na unyevu unaganda juu yake. Barafu nayo inaziba njia ya hewa iliyobaki. Kompresa ikizima barafu inayeyuka kwa mkupuo, trei ya kukinga maji inazidiwa, maji yanafuata jipsamu. Kwa unyevu wa Dar, hasa kipindi cha masika, hilo halichukui muda. Na kama ningeongeza gesi siku ile, ningekuwa nimeizidishia mashine gesi isiyoihitaji na kuihatarisha kompresa, kwa sababu gesi ambayo haijachemka yote inaweza kuirudia ikiwa bado majimaji.

Basi hesabu kwanza. Kanuni ya kazini ni kwamba kila tani moja, yaani BTU 12,000, inataka karibu futi za ujazo 400 za hewa kwa dakika. Mashine ya BTU 36,000 ni tani tatu, kwa hiyo 1,200. Ukitaka hewa ipite kwenye grili kwa mwendo wa futi 400 kwa dakika, mwendo usiopiga kelele sana, unahitaji futi za mraba tatu za uwazi. Lakini mapezi ya grili yanakula sehemu ya uwazi, tuseme robo, hivyo grili yenyewe iwe futi za mraba nne: inchi 24 kwa 24. Dakti nayo ina hesabu yake. Kutoka inchi 16 kushuka hadi 14 unaona ni inchi mbili tu, kumbe uwazi umepungua karibu robo. Ongeza urefu, ongeza kona, na fleksibo iliyolegea yenye mikunjo ndani, hapo umeikaba mashine.

Fleksibo ivutwe inyooke, ikate kona kwa mviringo mpana, ishikiliwe kwa mikanda mipana isiyoiminya. Ukiona inaning'inia kama chandarua, umeshapoteza hewa.

Lakini swali la kumuuliza mwenye nyumba kabla ya haya yote ni kwa nini anataka ihamishwe. Kwa mama yule shida ilikuwa kelele, na kelele ilitoka kwenye grili ya inchi 18 kwa 18 iliyokuwa inavutia hewa ya tani tatu. Hewa ikilazimishwa kwenye tundu dogo inapiga mluzi. Tuliporekebisha, tuliiacha ya sebuleni iwe ritani ya pili kwa ile inchi 14, tukairudisha ya koridoni kwa dakti yake ya inchi 16. Hewa ikagawana njia mbili, mwendo ukashuka, mtoto akalala. Tangu siku hiyo mteja akisema hamisha, mimi nafikiria kwanza kuongeza. Mara nyingi ni bora, na hubomoi sana.

Kama ni lazima ihame, iangalie inakokwenda. Jikoni hapana: mafuta yanaganda kwenye koili na harufu ya samaki inagawiwa vyumba vyote. Chooni hapana, wala stoo ya rangi na petroli ya jenereta. Usiiweke karibu na saplai, maana baridi itavutwa kabla haijazunguka chumba na mashine itadhani kazi imeisha. Kuhusu juu au chini, vitabu vya nchi za baridi vinajali sana kwa sababu ya kupasha joto nyumba. Sisi tunapoza tu, ritani ya darini inatufaa, na ukubwa na njia ndivyo vitakavyokuhukumu.

Halafu milango. Chumba kina saplai lakini ritani iko sebuleni. Mlango ukifungwa hewa inajaa chumbani haina pa kurudi, inatokea madirishani, na kwingine nyumba inavuta joto la nje kufidia. Shika kipande cha tishu chini ya mlango uliofungwa huku AC inafanya kazi. Kikipeperuka kwa nguvu kuelekea koridoni, njia ni finyu. Kata mlango chini kidogo au weka grili juu ya fremu.

Tundu la zamani wengi huliziba kwa jipsamu na rangi, na mkia wa dakti wanauacha wazi juu ya dari. Hilo linaniuma kuliko yote. Mashine itavuta hewa ya chini ya bati, yenye joto kali, unyevu, vumbi na kinyesi cha popo, na familia itaipumua. Mkia uondoe hadi kwenye boksi, uzibe kwa bati na riveti, paka gundi nzito ya dakti, kisha tepu ya alumini. Gamutepu haifai, lile joto la darini linaibandua. Rudisha insulesheni, lile koti la kuzuia joto, bila kuacha hata upenyo wa kidole, vinginevyo bati litatoa jasho.

Darini panda asubuhi mapema, umeme umezimwa kwenye meni swichi, ukanyage mbao na si jipsamu. Kenchi usiikate hata kidogo. Paa limeegemea hapo.

Ukimaliza, usiondoke na ubaridi wa dakika kumi. Rudi siku nyingine saa nane mchana, milango imefungwa, uguse bomba nene: liwe la baridi lenye jasho, si barafu. Kisha muite anayefanya usafi wa nyumba, kwa kawaida dada wa kazi, maana bosi mwenyewe hataosha filta. Mpe ngazi, afungue grili kwa mikono yake mbele yako, atoe filta, aioshe, aikaushe, airudishe. Mwambie kila wiki mbili, na kama barabara yao ni ya vumbi, kila wiki.