Timu iliuzwa kwa pauni 1, msomaji wa Morogoro anataka ukweli

SWALI: Habari za kazi kaka. Mimi msomaji wenu wa Kihonda, Morogoro. Kijiweni kwetu kuna jamaa anasema Uingereza kuna timu inaitwa Bury, eti ilishabeba Kombe la FA alafu mtu akainunua kwa pauni 1 ikafia mikononi mwake. Tulimbishia sana maana pauni 1 hata soksi za mchezaji hupati. Ni kweli? Nauliza kwa sababu timu yetu ya mtaa iko ligi ya mkoa na kuna tajiri anataka kuichukua, ila anataka na kiwanja kiandikwe jina lake. Wazee wamegawanyika, vijana ndo kabisa wanataka hata kesho asaini.

JIBU: Salama ndugu yangu. Huyo jamaa mpeni haki yake, yote ni kweli.

Bury ni mji mdogo kaskazini ya Manchester na timu yao ilianzishwa 1885, yaani miaka 50 kabla ya Yanga. Kombe la FA wamebeba sio mara moja, ni mbili. 1900 waliipiga Southampton 4-0, na 1903 wakaipiga Derby County 6-0, tena mwaka huo walicheza kombe zima bila kuruhusu bao hata moja. Ile 6 ya fainali haikufikiwa na mtu kwa miaka 116 mpaka Manchester City alipoifunga Watford 6-0 Mei 2019, na miezi mitatu tu baadaye Bury wenyewe wakafukuzwa ligi. Mimi nikikumbuka hilo roho inaniuma mpaka leo.

Sasa ilifikaje huko. Baada ya enzi zile za kombe timu ikawa ya kupanda na kushuka, miaka mingi sana iko madaraja ya chini, lakini ilikua inaishi, uwanja wao Gigg Lane wako nao tangu siku ya kwanza na watu wa mji wanarithishana siti baba kwa mwana. Shida ilikuja kwenye hela. Mwaka 2013 akaingia mmiliki Stewart Day, wakawa wanasajili na kulipa mishahara ambayo mapato ya mlangoni hayawezi kuibeba, na uwanja ukawekwa rehani. Mpaka nafasi za kuegesha magari pale uwanjani zikauzwa mojamoja kwa wawekezaji. Hebu fikiria, kipande cha ardhi unachopaki gari siku ya mechi kina mwenyewe mwingine na timu haina habari nacho tena.

Desemba 2018 Day akaiuza kwa Steve Dale kwa hiyo hiyo pauni 1. Msishangae bei, pauni 1 inakua ya kuandikia mkataba tu, mnunuzi anabeba na madeni yote kwa hiyo kinachouzwa pale ni mzigo. Mishahara ikaanza kuchelewa, ikafika kipindi wachezaji hawalipwi kabisa, na vijana wale wakacheza hivyohivyo hadi wakapanda daraja, 30 Aprili 2019 walitoka sare 1-1 kwa Tranmere na kwenda ligi daraja la tatu. Wiki chache baadaye kocha na wachezaji kibao wakaondoka. Na huyo Dale baadaye alikuja kusema redioni mwenyewe kwamba alikua hata hajui kama kuna timu ya mpira inaitwa Bury. Nyie mnayempa mtu timu muulizeni kwanza amewahi kuja kuangalia mechi ngapi.

Agosti ile ligi ilianza bila Bury, mechi zikawa zinaahirishwa moja baada ya nyingine mpaka waonyeshe hela iko wapi. Mkurugenzi wao wa zamani, mama mtu mzima, akaenda kujifunga pingu kwenye bomba la maji pale uwanjani. Alafu tarehe 27, siku ya mwisho kabisa, kuna kampuni ilikua inaitaka timu kwa hiyo watu wakaamini imepona, wakaja mamia na mafagio na ndoo, wengine wamechukua ruhusa kazini, wakawa wanafuta siti na kufagia ngazi ili uwanja uwe tayari kwa mechi. Wako katikati ya kusafisha taarifa ikaja kwamba ile kampuni imejitoa. Usiku ikatangazwa Bury wametolewa kwenye ligi waliyokuemo tangu 1894.

Ndugu yangu wale watu walikua na kila kitu, mapenzi, historia, makombe mawili. Kitu hawakua nacho ni karatasi. Hati ya uwanja haikua mikononi mwao na hisa hazikua zao, kwa hiyo siku ya kuamua walibaki wanasubiri nje ya geti.

SWALI: Kwa hiyo Bury ndo haipo tena? Na mashabiki wakiendesha timu wenyewe si watagombana tu? Msomaji, Kisauni, Mombasa.

JIBU: Ipo, na kugombana waligombana kweli. Kundi moja lilianzisha timu mpya Bury AFC, ikaanza kucheza 2020 daraja la kumi huko chini kabisa kwenye uwanja wa kuazima. Kundi lingine likakomaa na uwanja wa zamani, wakachangisha, serikali ikaongezea pauni milioni 1, na mwanzoni mwa 2022 Gigg Lane ikanunuliwa. Hapo sasa ikawa timu ina watu haina uwanja, na uwanja upo hauna timu. Kura ya kuungana ya kwanza ilikwama, ya pili 2023 ikapita, jina la Bury FC likarudi na mpira ukachezwa tena Gigg Lane. Ilikua daraja la tisa lakini walikua wanaingia watu zaidi ya 3,000, na msimu wa 2024/25 wakachukua ubingwa wakapanda. Bunge la Uingereza nalo 2025 likapitisha sheria ya kuweka msimamizi huru wa mpira, na kisa cha Bury ni moja ya sababu.

Nikurudie wewe wa Kihonda. Tajiri msimfukuze, hela ya nauli na viatu mnaihitaji. Lakini atoe hela kwa makubaliano ya maandishi na kiwanja kisiguswe. Si mliona Simba na Yanga zilipotaka kubadili mfumo wa umiliki serikali ilishikilia wanachama wabaki na asilimia 51 ya hisa. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri mkajue kile kiwanja kimeandikwa kwa nani sasa hivi, maana mitaa mingi watu wanacheza miaka 30 kumbe hakuna karatasi yoyote. Alafu fungueni katiba ya timu msome kipengele cha mali, na kama hakipo kiandikeni na mkipitishe kwenye mkutano wa wanachama kabla hamjakaa na huyo tajiri mezani. Mkimaliza tuandikieni mlichokikuta huko ardhi.