Krismasi na watoto wa kituo

Dada, umeuliza kikundi chenu kiwapelekee nini watoto wa kituo cha kanisa huko Muheza sikukuu ya Krismasi. Kwanza mpigieni mlezi wao. Sisi mwaka juzi tulibeba keki tatu. Tukakuta wageni wengine nao wameleta keki, na jikoni hata chumvi hamna! Nunueni mchele, mafuta, sabuni, na madaftari, maana shule hufunguliwa Januari. Pilau pikeni palepale. Wakubwa wachambue mchele, wadogo wamenye vitunguu saumu. Harufu ikianza kupanda, hakuna anayebanduka jikoni. Nguo za mitumba si vibaya, ila ziwe zimefuliwa na vifungo vyote vipo. Na simu zikae mfukoni, jamani. Picha za watoto za kurusha mitandaoni hapana.