Moshi wa bluu na oili inayopotea: ni turbo au ni ringi?

SWALI: Fundi habari za kazi. Nina Prado ya mwaka 1997, dizeli, injini 1KZ, gia za kawaida. Siku hizi nikikaa kwenye foleni kidogo halafu nikakanyaga mafuta unatoka moshi wa bluu mpaka walio nyuma wanapandisha vioo, nikishatembea kidogo unakata wenyewe. Oili nayo haifiki sevisi bila kuongeza. Fundi wa kwanza kasema turbo imekufa ninunue nyingine, wa pili kasema ringi zimeisha nifanye ovahoo. Nguvu bado ipo, mlima wa Kitonga inapanda bila shida. Nimsikilize nani?
Msomaji, Makambako

JIBU: Ndugu yangu, kwa sasa usimsikilize yeyote, maana kwa maelezo yako wote wawili wameangalia moshi tu, hakuna aliyefungua hata paipu moja. Turbo ni feni inayozungushwa na moshi wa ekzosi ili isukume hewa kwenye injini, na ringi ni pete za chuma zinazozunguka pistoni. Moshi wa bluu ni oili inaungua, hapo hakuna ubishi, swali ni inapitia wapi kuingia kwenye moto.

Anza na oili yenyewe. Laza gari juu ya boksi lililokunjuliwa uone asubuhi kama kuna matone, angalia na kwenye kava ya juu na pale injini inapokutana na gia boksi, kwa sababu magari mengi yanayosemwa yanakula oili kumbe nusu yake inamwagika barabarani. Halafu pima. Gari ikae sehemu tambarare, uzime, usubiri kama dakika kumi oili ishuke, ujaze mpaka alama ya juu (usipitilize, oili ikizidi nayo inatoa moshi), tembea kilomita 1,000 upime tena. Toyota wenyewe kwenye vitabu vyao wanaandika kiwango cha mwisho ni lita 1 kwa kilomita 1,000, sasa kama yako inakula robo lita kwa umbali huo na ina umri huo, hiyo sio gari ya kushusha injini.

Sasa moshi unatoka wakati gani, hapa ndo penye jibu. Ringi zikiisha moshi unatoka muda wote na unazidi kadiri unavyoipa mzigo, yaani Kitonga ungeacha wingu, na nguvu ingepungua na asubuhi ingewaka kwa shida. Sili za valvu zikikauka unaona moshi wa bluu asubuhi unapowasha tu, kisha unapotea. Wako unakuja baada ya injini kunguruma kwenye foleni bila kukanyaga, na hiyo mara nyingi ni oili inayojikusanya upande wa turbo, ukikanyaga joto linapanda inaungua yote kwa mkupuo.

Lakini kusema ni upande wa turbo haina maana turbo imekufa, na hapa ndo watu wanapoliwa hela. Sili za ndani ya turbo sio za mpira, ni ringi ndogo za chuma, na kinachosaidia oili isivuke ni presha ya hewa na ya moshi inayoisukuma irudi ndani. Injini ikinguruma tu presha hiyo inakuwa ndogo. Oili ikishapita kwenye shafti inateremka yenyewe kwa uzito wake kupitia paipu ya chini mpaka kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), haivutwi na kitu chochote. Sasa ile paipu ikiwa imeganda masizi ya oili ya zamani, au kule ndani ya injini kuna presha kubwa kwa sababu injini inapumua (yaani kompresheni inavuka ringi na kushuka chini), oili inakosa pa kushukia, inapanda, inatafuta njia kwenye sili. Unafunga turbo mpya na baada ya wiki mbili moshi ni ule ule, unarudi dukani kugombana na muuzaji wakati kitu chake hakina kosa.

Kwa hiyo fanya hivi na fundi wako, injini ikiwa imezima na imepoa. Fungua hozi inayoleta hewa kwenye turbo, mulika tochi, shika ile nati ya katikati kwa vidole. Isukume kushoto kulia, kucheza kidogo sana ni kawaida. Isukume ndani na uivute nje, hapo usihisi kitu. Mapanga yasiwe na mikwaruzo wala kugusa ukuta wake. Kukuta unyevu wa oili kwenye hozi sio ushahidi, kwa sababu paipu ya kupumulia injini inamwaga mvuke wa oili hapo hapo kabla ya turbo.

Washa, ifungue kofia ya kujazia oili na uiache imelala tu juu ya tundu. Ikitikisika kidogo haina neno, ikirushwa na moshi ukawa unatoka kwa kusukumwa, injini inapumua, na hapo yule fundi wa ringi anaanza kuwa na hoja, apime kompresheni kwa geji ya dizeli tuone silinda zinapishana kiasi gani. Ikiwa kofia imetulia, fungua ile paipu ya kupumulia uielekeze kwenye chupa, lile tundu lake upande wa hewa uzibe vizuri vumbi lisivutwe, tembea siku moja. Moshi ukipungua na chupa ina oili, turbo yako nzima. Usipopungua, ishushwe ile paipu ya chini ya turbo isafishwe mpaka uone mwanga upande wa pili, na ea klina ibadilishwe kama imeziba, maana nayo inaifanya turbo ivute oili. Ukiniuliza mimi, kwa dalili zako ningeanza na hiyo paipu kabla ya kununua chochote.

Kitu kimoja nakuomba usikipuuze. Kama oili imejaa kwenye mapaipu ya hewa au kwenye intakula (kile kipoza hewa inayotoka kwenye turbo), injini ya dizeli inaweza kuanza kuiunguza kama mafuta, resi inapanda yenyewe na ukizima swichi haizimi. Ikikutokea na una klachi, kanyaga breki kwa nguvu zote, weka gia ya juu kabisa, achia klachi izimike. Usiweke mkono wala kitambaa kwenye mdomo wa hewa, vinavutwa.

SWALI: Shikamoo fundi. Surf yangu yenye injini hiyo hiyo inatoa moshi mweupe asubuhi na maji ya rejeta yanapungua ila chini sioni yakivuja.
Msomaji, Arusha

JIBU: Marahaba mwanangu. Moshi mweupe wa dakika moja wenye harufu ya dizeli mbichi kwenye baridi ya huko ningekwambia ni hita plagi (zile zinazopasha moto silinda wakati wa kuwasha) na ningekuacha, lakini maji kupungua ni habari nyingine. Hedi, yaani kichwa cha injini, ya 1KZ ni ya aluminiamu na inajulikana kwa kupasuka hasa ikishachemsha hata mara moja. Asubuhi kabla ya kuwasha minya hozi kubwa ya juu ya rejeta: ikiwa ngumu wakati injini imelala baridi usiku mzima, kompresheni inaingia kwenye maji. Angalia na oili, ikiwa na rangi ya maziwa usiwashe kabisa, ivutwe. Na mfuniko wa rejeta usifunguliwe ikiwa ya moto, tafadhali.

SWALI: Naweza kuweka oili nzito namba 50 ili moshi upungue?
Msomaji, Mbeya

JIBU: Moshi unaweza kupungua kweli, ila shafti ya turbo inazunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika na asubuhi ya Mbeya oili nzito inachelewa kuifikia. Baki na 15W-40 ya dizeli, kwenye kopo utafute herufi inayoanza na C kama CF-4 au CI-4, na ukimaliza mlima iache ingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima.