Mwaka wa kwanza chuoni: kiti kilekile, saa ileile

Usiku wa kwanza hosteli sikulia. Nalitaja hilo kwa sababu kila mtu alikuwa ameniambia nitalia, na nilipoona macho makavu nikajiona shujaa. Nilitandika kitanda, nikapanga viatu kwa mstari, nikapiga simu nyumbani kusema nimefika salama, nikalala fofofo. Wiki nzima ya mwanzo ilikwenda hivyohivyo: foleni ya usajili, foleni ya kitambulisho, kuzunguka na karatasi mkononi nikitafuta majengo, kusalimiana na watu wengi ambao majina yao yalinitoka kabla ya jioni. Aliyebanwa na shughuli hana nafasi ya kukumbuka kwao.

Wiki ya tatu ndiyo iliyonikamata. Foleni zimekwisha, ratiba imetulia, na Jumamosi jioni nikajikuta nimekaa kitandani nasikiliza vicheko vya chumba cha tatu kutoka changu. Nilikula nimesimama, kwa sababu kukaa mezani peke yangu kulinionyesha wazi kwamba niko peke yangu. Simu ikalia. Mama. Umekula? Nimekula. Umepata marafiki? Wengi tu, Mama. Mbona kimya hivyo, uko wapi? Maktaba. Nilikuwa nakufa na tai shingoni.

Kama unajiandaa kwenda chuo na tayari umeshaambiwa "jichanganye" mara ishirini, mimi sitakuambia tena. Neno hilo halikunisaidia. Lilinifanya nidhani kwamba wenzangu wana kipaji ambacho mimi sikugawiwa. Nilichokuja kukiona baadaye ni kwamba wengi wao hawakuwa wachangamfu kunizidi. Walikuwa wamekaa mahali pamoja muda mrefu zaidi yangu, basi.

Nieleze nilivyofika hapo, maana nilipitia njia ndefu.

Wiki hiyohiyo ya tatu nilikuwa maktaba kweli (si ile ya kumdanganyia Mama) nikitafuta kitu kingine kabisa kwa ajili ya insha ya saikolojia, nikaangukia habari za Johannes Hofer. Alikuwa mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, Uswisi. Mwaka 1688, akiwa na umri wa miaka 19, aliandika tasnifu juu ya ugonjwa wa kutamani nyumbani, akaubunia jina kwa maneno mawili ya Kigiriki, nostos, yaani kurudi nyumbani, na algos, yaani maumivu: nostalgia. Mmoja wa wagonjwa anaowasimulia ni kijana wa Bern aliyekwenda kusoma hapo Basel. Huzuni ilimshika, homa ikafuata, moyo ukawa hautulii, mpaka ikaamuliwa arudishwe kwao. Safari haijaenda mbali, akaanza kupumua vizuri. Kabla hajafika Bern alikuwa mzima.

Sijui kama unaweza kuelewa furaha niliyopata. Zaidi ya miaka 300 iliyopita kulikuwa na mwanafunzi aliyelala kitandani mji wa watu akiumwa ugonjwa wangu! Shida ni kwamba niliichukua pia dawa ya Hofer kama ilivyo. Ijumaa iliyofuata, mhadhara wa mwisho ulipokwisha, begi lilikuwa mgongoni. Nikaenda nyumbani. Na Ijumaa iliyofuata. Nilikuwa na bahati, au balaa, ya kusoma mahali ambapo basi la mchana linakufikisha kwetu kabla ya giza kuingia.

Nilipona njiani, kama yule kijana. Ila yeye hakuwa na mhadhara Jumatatu saa mbili asubuhi. Mimi kila Jumatatu nilikuwa naanza upya, na kibaya zaidi, wenzangu walikuwa na utani ambao sikuuelewa, uliozaliwa Jumamosi nikiwa sipo. Mwishoni mwa wiki ndipo watu wanafua nguo pamoja, wanaazimana pasi, wanakaa ngazini bila sababu. Mimi nilikuwa nakuja kuhudhuria vipindi, kisha naondoka. Nilikuwa mgeni wa siku tano.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza, na ndio ambao ningeupigania kama ungebishiwa: kama unaweza, kaa chuoni mwisho wa wiki nne au tano mfululizo kabla hujaenda nyumbani mara ya kwanza. Itauma. Jumapili jioni ndiyo mbaya kuliko zote. Lakini panga tarehe ya kwenda, iandike ukutani, halafu acha kujadiliana na nafsi yako kila Ijumaa. Yale majadiliano yenyewe ndiyo yaliyokuwa yananichosha.

Simu nazo zina saa zake. Nilikuwa napiga usiku kabla ya kulala, wakati mwili umechoka na kila jambo linaonekana kubwa. Nikihamisha simu kwenda alasiri, mara tu baada ya kipindi, nilikuwa na la kusimulia na nilikuwa na pa kwenda baadaye. Ni badiliko dogo, lakini lilinipunguzia usiku mbaya pengine kuliko jambo lingine lolote. Kisha nikaacha kudanganya. Nilianza na dada yangu kwa sababu Mama nilimwogopa, si ukali wake, bali wasiwasi wake. Dada akasema, mwambie tu. Nilipomwambia, Mama alinyamaza kidogo, akasema, "Nilijua, mwanangu. Ulikuwa unachangamka kupita kiasi."

Sasa kile kiti.

Nilichelewa mhadhara mmoja, nikaingia nimeinama kama mwizi, nikakaa penye nafasi: mstari wa tatu, karibu na dirisha. Kipindi kilichofuata nikakaa hapohapo, si kwa mpango wowote, miguu ilinipeleka. Jirani yangu wa kulia alikuwa yuleyule. Mara ya tatu akaniambia, "Leo umewahi." Maneno mawili, lakini nilitembea nayo siku nzima. Mtu alikuwa amegundua kwamba siku ile nilichelewa.

Baadaye nilisoma kwamba hili lina maelezo. Mwaka 1950 Leon Festinger na wenzake wawili walichapisha utafiti juu ya nyumba walizokaa wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT huko Marekani. Wakazi hawakuchaguliana majirani. Walipoulizwa rafiki zao ni nani, asilimia 41 ya waliokaa milango inayofuatana walitajana, lakini kwa waliokaa ncha mbili za ukumbi uleule ilikuwa asilimia 10. Ukumbi mmoja, ghorofa moja, hatua chache tu katikati! Hao wa mbali hawakukosa tabia nzuri, walikosa kupishana mlangoni.

Utafiti mwingine, wa Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas mwaka 2018, ulinipa kitu nilichokuwa nakihitaji kuliko faraja, yaani hesabu. Alikadiria kwamba mtu unayemfahamu tu anageuka rafiki wa kawaida mkishakaa pamoja kama saa 50, rafiki kamili karibu saa 90, na rafiki wa ndani zaidi ya saa 200. Na saa za kukaa bega kwa bega darasani hazina uzito wa saa za kupiga soga. Nikachukua kalamu. Na yule jirani yangu wa kulia tulikuwa tunakutana saa nne kwa wiki, zote tukimsikiliza mhadhiri. Hata kama zingehesabiwa zote, saa 50 zingekula wiki 12 na ushei, karibu muhula mzima. Na mimi wiki ya tatu nilikuwa nimeshajihukumu kwamba sipendeki!

Tangu hapo sikujiuliza tena kama watu wananipenda. Nilijiuliza tumekaa saa ngapi. Hilo swali lina jibu, na jibu lake unaweza kulifanyia kazi. Kipindi kikiisha nilikuwa nauliza, "Unaelekea wapi?" Akitaja popote, nami naelekea huko. (Siku moja nilitembea mpaka upande wa pili kabisa wa chuo na mtu aliyekuwa anakwenda kubadilisha kufuli. Tulizungumza kufuli njia nzima.) Nilichagua meza ileile maktaba na saa ileile ya kwenda kula. Nikiwa chumbani mchana niliacha mlango wazi, ingawa hapo niweke tahadhari: simu na pesa viwe mwilini, maana mlango wazi haubagui anayepita. Jiunge na kikundi kimoja kinachokutana kila wiki, na kimoja kinatosha. Wenzangu waliojiandikisha vikundi sita wiki ya kwanza hawakuonekana hata kimoja wiki ya tano.

Kuhusu mwenzangu wa chumba, sina cha kujivunia. Yeye alikuwa ndege wa usiku, mimi wa alfajiri. Badala ya kuongea, niliandika karatasi, "Tafadhali zima taa saa nne," nikaibandika ukutani juu ya swichi. Tulinuniana wiki mbili. Karatasi ukutani haina sauti wala uso, mtu anaisoma kwa sauti mbaya kuliko uliyokusudia. Siku tuliyozungumza, ilichukua dakika kumi: yeye atatumia taa ya mezani, mimi nitavaa nguo za asubuhi bila kugonga milango ya kabati. Zungumzeni mambo ya taa, wageni na usafi wiki ya kwanza, wakati hakuna aliyemkosea mwenzake.

Masomo yalinipiga kofi wiki ya sita. Nilikuwa nimetoka shule nikiwa wa juu, nimezoea kengele, nimezoea mwalimu anayeuliza daftari liko wapi. Chuoni hakuna anayekuuliza kitu. Jaribio la kwanza nilifeli, na kitabu changu kilikuwa kimepakwa rangi ya njano ukurasa hadi ukurasa, nimekisoma mara nne. Nikasoma, ndiyo, lakini sikuwahi kukifunga nijaribu kukumbuka. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walijaribu hili kwa wanafunzi wa chuo: kundi moja likasoma makala mara mbili, jingine likasoma mara moja kisha likaandika linachokikumbuka. Baada ya dakika tano waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, waliojipima walikumbuka kama asilimia 56, waliorudia kusoma 42. Hizo dakika tano ndizo zilizonidanganya. Unafunga kitabu usiku unajiona umeiva, unaingia kwenye mtihani unakuta kichwa kitupu.

Nikaanza kutumia dakika kumi baada ya kila mhadhara, palepale kwenye kiti changu, daftari limefungwa, naandika kwenye karatasi nyeupe nilichobaki nacho. Mara nyingi kilikuwa kidogo cha kuaibisha. Mwishoni nilikwenda pia ofisini kwa mhadhiri, baada ya kufika mlangoni mara mbili na kurudi. Nenda na swali moja lililoandikwa. Usiende na "sielewi mada yote," kwa sababu hakuna anayeweza kulijibu hilo ndani ya robo saa.

Pesa: igawe kwa wiki siku ileile unayoipata, kabla hujanunua kitu. Ugonjwa: jua zahanati iko wapi ungali mzima. Nilikwenda kuitafuta nikiwa na homa, gizani, na sitamani mtu apitie hilo.

Jambo moja linahitaji sauti nyingine. Kuna kutamani nyumbani kunakopanda na kushuka, leo vibaya, kesho afadhali. Na kuna huzuni isiyoshuka: wiki mbili hulali au unalala tu, chakula hakipiti, mhadhara wa tatu unaukosa, unawaza kwamba bora usingekuwepo. Hiyo usiisubirie saa 50 za mtu yeyote. Nenda kwa mshauri wa wanafunzi au kwa daktari siku hiyohiyo, na kama miguu ni mizito mwambie mwenzako akusindikize. Ikibidi kurudi nyumbani kwa muda, rudi. Rafiki yangu mmoja alisimamisha masomo mwaka mzima, akarejea, na aliporejea hakuna aliyemuuliza maswali aliyokuwa akiyaogopa.

Mimi sikubadilika kuwa mtu wa watu. Mpaka leo karamu zinanichosha, na katika ukumbi mkubwa bado naangalia kwanza mlango uko wapi. Marafiki niliopata mwaka ule ni watatu, mmoja wao ni yule wa karatasi ya taa.

Muhula wa pili, wiki ya nne au ya tano, nilichelewa tena. Mvua ilikuwa imenikuta njiani, viatu vinatoa sauti kila hatua, nikaingia nimeinama vilevile kama mwizi. Mstari wa tatu ulikuwa umejaa isipokuwa nafasi moja karibu na dirisha, na kijana mmoja alikuwa anaisogelea akiwa na begi mkononi. Kabla sijafika nikamsikia jirani yangu wa kulia, bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye daftari, akimwambia, "Hapo pana mwenyewe."