Jibu: Virusi vya kale na skizofrenia

Mkuu, umeuliza kama ndugu yako anayetibiwa skizofrenia (ugonjwa wa akili unaoweza kumfanya mtu asikie au aone yasiyokuwepo) katika hospitali ya magonjwa ya akili ya Mirembe atawaambukiza hivyo "virusi vya kale". Hapana, kuleni naye ugali sahani moja. Hivyo "virusi vya kale" ni mabaki ya virusi vilivyoingia kwenye vinasaba vya mababu zetu mamilioni ya miaka iliyopita. Ni kama asilimia 8 ya vinasaba vya kila mtu, hata vyako. Kimojawapo hutusaidia kutengeneza kondo la nyuma!

Shida ni vikiamka. Protini ya HERV-W, kundi mojawapo la mabaki hayo, imekutwa kwenye damu ya baadhi ya wagonjwa wa skizofrenia na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), na kwa panya wa maabara huvuruga mawasiliano ya seli za ubongo. Kama ndiyo chanzo cha ugonjwa au ni moshi tu wa moto uliowaka kwingine, wataalamu bado wanabishana. Ndugu yako dawa asiache.